Kitabu kipya cha Dungeons & Dragons: orki kapewa akili, baharia kanyang'anywa

Nimekaa na Player's Handbook ya 2024, kitabu cha sheria cha huu mchezo wa mezani ambao kila mtu anaigiza mhusika wake na dadu zinaamua, miezi kadhaa sasa, tunacheza nayo Jumamosi kwenye meza ya chakula mpaka mama kazoea kusikia watu wazima na ndevu zao wanabishana kuhusu mazimwi, kwa hiyo naona nina haki ya kusema neno. Kitabu chote sikigusi, ni kurasa 384, nani ana muda huo. Naongelea kitu kimoja ndo kilichonifanya nitoe hela, nacho ni makabila, yani aina ya kiumbe cha kubuni ambayo mhusika wako anazaliwa nayo.

Naita makabila maana mezani kwetu hatujawahi kuwa na neno lingine. Elfi mwenye masikio ya ncha kabila lake, dwafu mfupi wa ndevu kabila lake, orki mwenye meno ya nje lake (ni elfi, sio elfu, tulianza na elfu tukawa tunachanganya na hela). Sasa kwenye kitabu cha zamani, cha 2014, kila kabila lilikuja na pointi zake za kuzaliwa nazo. Elfi anaongezewa Wepesi, nusu-orki (chotara wa orki na mtu) Nguvu, nomu, yule kibeti, Akili, ndo hivyo. Ukisoma mwenyewe kwa Kiingereza inapita tu, ni namba. Jaribu kumfundisha mtu mgeni kwa Kiswahili uone. Inabidi useme kwa mdomo wako mwenyewe "kabila hili wana nguvu, hili wana akili, hili wana mvuto" na meza nzima inakuangalia. Kuna kitabu cha nyongeza cha 2016 ambacho orki alikuwa anakatwa Akili 2 kabisa, yani unazaliwa tu tayari unadaiwa. Ni kama yale maneno ya mjomba kwenye kikao cha posa, "hao watu wa kule bwana..." Utani wa makabila tunao na tunaupenda, ila mtani wako hakuandikii kwenye fomu.

2020 wakaifuta ile hasi ya orki, na mwaka huohuo wakatoa kitabu kingine kinachokuruhusu kuhamisha pointi unakotaka. Hii ya 2024 wameenda mbali zaidi: hata neno wamebadilisha, siku hizi ni spishi, na pointi zimetolewa kwenye spishi zote 10 zikahamishiwa kwenye historia ya mhusika, yani alikuwa anafanya nini kabla hajaanza kuzurura na upanga.

Mpwa wangu ana miaka 16, akatengeneza orki mchawi. Namba kubwa tunayoanza nayo ni 15, akaiweka kwenye Akili, akachagua historia ya msomi ikampa 2 zaidi, 17, bonasi yake, ile inayojumlishwa kwenye dadu, +3. Kwa kitabu cha zamani nusu-orki angebaki na 15 na bonasi +2 wakati nomu pembeni yake ana 17. Tofauti ya moja kwenye dadu ya pande 20 ni asilimia 5, unaweza kusema kitu gani hicho, lakini inakufuata kila ukirusha, usiku mzima, na dogo akikosa kwa moja mara mbili tatu anarudi kwenye simu.

Na spishi zenyewe hazijabaki tupu, hapo ndo nawapa maua yao. Jumamosi moja kwenye mchezo tuko shimoni, dogo damu, yani uhai wa mhusika wake, imebaki 4, akala mshale wa 7, wote tukajua kaenda. Akachukua karatasi yake akasoma taratibu kama hakimu anasoma hukumu: orki akifika 0 anabaki na 1, mara moja mpaka apate usingizi wa kueleweka. Zamu yake ilipofika akatimua mbio zile za kiorki, ambazo zinakupa na damu kidogo ya juu na hazikuli nafasi yako ya kufanya uchawi, akasogea mpaka puani kwa yule mpiga mishale akamwagia moto. Meza ilipiga kelele mama akatoka chumbani. Hiyo ndo unaikumbuka, sio +2. Dwafu naye akikanyaga jawe anahisi kinachotembea, Goliathi, wa ukoo wa majitu, akifika levo 5 anaweza kuvimba akawa mkubwa zaidi, vitu vya kufanya vipo.

Sasa lawama. Kila historia imefungwa kwenye sifa tatu tu na kipaji kimoja. Mshkaji wetu kwao Kilwa, akataka mchawi ambaye zamani alikuwa baharia, nahodha wa kusoma nyota. Tukafungua: baharia anaongezewa Nguvu, Wepesi au Busara. Akili hapana. Mtu anavuka bahari na kaskazi, usiku, bila ramani, halafu kitabu kinamwambia akili si fungu lake! Alikaa kimya dakika nzima. Mkulima naye hapati Akili. Mtoto wa bwanyenye anapata, mfanyabiashara anapata. Kwa hiyo kile kidole kilichokuwa kinanyooshewa kabila sasa kinanyooshewa kazi, na kwetu huku hiyo nayo tunaijua vizuri tu.

Dawa ipo ndani ya kitabu chenyewe ila wameificha kwenye kisanduku kidogo: ukitumia historia ya kitabu cha zamani isiyokuja na pointi, unaongeza popote unapopenda, na kipaji unachagua. Kwa hiyo chokoraa, historia mojawapo ya kitabu cha 2014, yuko huru kuliko baharia wa 2024. Mimi nimeamua mezani kwangu kila mtu aongeze anapotaka, basi, na nahodha wetu ana Akili 17.

Lingine, nusu-elfi na nusu-orki hawamo tena. Unaweza kuwaleta kutoka kitabu cha zamani ukaacha pointi zao, sawa, ila mimi baba Mpare mama Mdigo, machotara walikuwa ndo wahusika wangu miaka yote, nimefungua ile sura nikahesabu mara mbili.

Bei ni dola 50 kasoro senti moja, bado kusafirisha, na changu kilikaa njiani mpaka nikasahau. Ukitaka kuonja kwanza, sheria za msingi za toleo hili zimetolewa bure 2025, unapakua PDF: spishi 9 zimo, historia ni 4 tu kati ya 16, kwa kuanza zinatosha. Kama unacho cha 2014 na hela ni ya kuungaunga, usikimbilie, futa pointi za makabila kwa penseli mwendelee. Mimi nakipa nyota 4. Cha zamani nimeulizwa kama nauza, siuzi, chokoraa wangu anaishi humo.