Aberdare kwa gari la kukodi, tukiwa na Ami na kriketi yake

Hukumu kwanza, kwa mwenye haraka. Hifadhi ya Taifa ya Aberdare naipa nyota tano. Gari tulilokodi Nairobi linapata mbili kwangu, na hizo mbili ni za injini. Mwenye gari la 4x4 lililo timamu, nguo nzito na angalau siku mbili za kulala huko juu, aende bila wasiwasi. Mwenye gari dogo la mjini na nafasi ya nusu siku, asubiri mpaka apate wasaa.

Sisi ni watu wa Mombasa. Kwetu mbuga maana yake Tsavo: joto, vumbi jekundu, ndovu unawaona toka mbali. Aberdare ni kinyume cha hayo yote. Ni safu ya milima iliyo magharibi mwa Nyeri, Wakikuyu wanaiita Nyandarua, na kilele chake kikubwa, Ol Donyo Lesatima, kina urefu wa kama mita 4,000. Unaanza na msitu mzito, unapita kwenye mianzi, kisha unatokea kwenye uwanda wa nyasi na ukungu ambako baridi inaingia mpaka kwenye meno. Ndovu wapo, nyati wapo, hata chui weusi wapo, lakini mnyama wa huko hujitokeza anapotaka mwenyewe.

Safari hii chanzo chake ni kriketi. Ami yangu anaipenda kriketi tangu utotoni, alipokuwa akitoka madrasa na kanzu yake kwenda kuchungulia mechi kwenye uwanja wa Mombasa Sports Club. Hakuwahi kuacha. Anayo madaftari aliyoandika mechi kwa mkono wake, ova kwa ova (ova moja ni mipira sita ya mrushaji mmoja), na hakuna mjukuu anayeruhusiwa kuyagusa bila kunawa mikono. Sasa umri umekwenda, na alitaka mambo mawili: aketi tena kwenye uwanja wa kriketi wa Nairobi Gymkhana, na auone mlima unaonywesha Nairobi maji. Nikamwambia, "Ami, yote mawili yako njia moja." Mjukuu wake naye akajiunga, na kifurushi chake cha mpira wa tenisi uliozungushiwa tepu.

Basi Jumamosi tukaketi Gymkhana tangu asubuhi, mechi ya klabu, watazamaji wachache, chai nzuri. Pale ndipo Shahid Afridi wa Pakistan, tarehe 4 Oktoba 1996, alipowapiga Sri Lanka akafikisha mikimbio 100, yaani alama za kriketi, kwa mipira 37, rekodi iliyodumu zaidi ya miaka 17. Na pale ndipo Kenya ilipowalaza Sri Lanka haohao kwa mikimbio 53, tarehe 24 Februari 2003, Collins Obuya akiwatoa watu watano kwa mipira yake ya kuzungusha na kuruhusu mikimbio 24 tu. Ami alikuwepo siku hiyo. Alituonyesha upande aliokaa, akatuonyesha mpira wa mwisho ulivyokwenda, akanyamaza kidogo. Timu ile ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mwaka 2014 tukapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Mimi mwenyewe hilo linaniuma mpaka leo, na sioni sababu ya kulificha hapa kwa vile naandika kuhusu mlima.

Kesho yake alfajiri tukashika barabara ya Thika, tukapita Karatina, tukafika Nyeri. Ni kama kilomita 150, lami tupu, hakuna la kueleza.

La kueleza ni gari. Tulipofika kituo cha mafuta Nyeri, Ami, aliyeshughulika na malori bandarini miaka na miaka, akasema hatupandi mlima kabla hajakagua. Tairi la akiba lilikuwa na upepo nusu. Spana ya magurudumu iliyowekwa haikuingia kwenye nati za gari lile; ilikuwa ya gari jingine kabisa. Matairi mawili ya nyuma yalikuwa yamekwisha meno, na tulipolichukua usiku yalikuwa yamepakwa rangi nyeusi yakang'aa kama mapya. Nilimpigia simu mwenye gari, akanijibu tulirudishe Nairobi tubadilishiwe, kana kwamba Nairobi ni mtaa wa pili. Tukanunua spana, tukajaza upepo, tukaendelea. Bei ya spana walikuja kuirudisha baadaye, lakini amana yetu ilikaa kwao muda mrefu kuliko tulivyoandikiana. Kwa hiyo ukikodi gari la kupanda Aberdare, lipokee mchana kweupe, literemshe tairi la akiba ulione, na ujaribu spana kwenye nati kabla hujatia sahihi.

Malipo ya kuingia hifadhini yanafanywa kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Lipa ukiwa bado Nyeri ambako mtandao uko imara. Tuliingia kwa geti la Ruhuruini. Unapokaribia unaona jambo la kupendeza: upande mmoja mashamba ya watu, upande wa pili msitu, na katikati ua wa umeme. Ua huo unauzunguka msitu kwa takriban kilomita 400 na ulikamilika mwaka 2009, kwa juhudi za shirika la Rhino Ark. Mkulima analala, ndovu naye analala. Mtu akikwambia ua ni wa kuharibu mandhari, mwambie akaulize wanaopanda viazi pale.

Baada ya geti barabara ni udongo mwekundu, na usiku ule mvua ilikuwa imepita. Gari lilianza kuteleza matako kwenye kona ya kwanza. Askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, aliyekuwa akitembea doria akatusimamisha, akayatazama matairi, akatikisa kichwa. Akatuelekeza tupunguze upepo kidogo, tutie gia ya nguvu, na tupande polepole bila kukanyaga mafuta kwa pupa. "Mzee akae mbele, na mkikutana na ndovu kwenye mianzi msipige honi, rudini nyuma taratibu," akasema. Shauri lake lilitufikisha. Tena kwenye mianzi tuliwakuta kweli, jike na mtoto, wamesimama katikati ya njia wakivuta matawi. Tulizima injini tukangoja. Ukungu ukawafunika, ulipofunuka hawapo, na sauti ya mianzi ikivunjika ilikuwa hatua chache tu kutoka dirishani kwetu.

Maporomoko ya Karuru ndiyo yanayotajwa sana, na yanastahili. Yana urefu wa mita 273 kwa ngazi tatu: ya kwanza mita 117, ya kati 26, ya mwisho 130. Unatembea kidogo kutoka kwenye maegesho mpaka jukwaa la mbao linaloning'inia ukingoni. Tulipofika hakukuonekana kitu. Weupe mtupu, na ngurumo ya maji chini ya miguu. Kundi jingine la wageni lilikaa kidogo, likapiga picha ya ukungu, likaondoka. Ami akaketi kwenye benchi, akafunga shali, akatoa kashata. Mtu aliyelelewa na mechi za siku tano hajui kuondoka kwa sababu ya hali ya hewa. Kwake mawingu ni sehemu ya mchezo, kama ilivyo chai. Tukakaa. Baadaye upepo ukageuka, pazia likapanda lote kwa pamoja, na ngazi ya kwanza ikawa mbele yetu, maji yakianguka yakiwa meupe kama pamba, na ng'ambo ya bonde maporomoko ya Gura nayo yakajitokeza, marefu na membamba, yakitoka ukutani mwa msitu. Ami alisema "Subhanallah" mara nyingi. Hakuomba picha.

Tulilala kwenye nyumba za kupanga zilizo ndani ya hifadhi, zenye sehemu ya kuwashia moto ukumbini. Chukua chakula chako chote, kwa kuwa duka hakuna. Chukua na soksi za ziada. Usiku baridi ya huko ni ya kweli, na mtu wa pwani asijidanganye kwa sweta moja.

Usiku ule karibu na moto ndio nitakaoukumbuka kuliko wote. Kijana alimuuliza babu yake nani mrushaji bora aliyetoka Mombasa, na jibu lilikuwa tayari: Aasif Karim. Tarehe 15 Machi 2003, Durban, Kenya ilicheza na Australia, timu iliyokuja kulitwaa kombe. Karim alikuwa na miaka 39, alikuwa amekwisha kustaafu akaitwa arudi kikosini. Alirusha ova 8 na mipira 2. Ova 6 kati ya hizo hazikutoa mkimbio hata mmoja. Akaruhusu mikimbio 7 kwa jumla, akatoa watu watatu, nahodha Ricky Ponting akiwa mmojawapo. Tulishindwa, lakini dunia ilinyamaza kumtazama mtoto wa Mombasa. Ami akachukua chungwa kwenye kapu, akalishika kwa mkono wa kushoto, kidole cha shahada kikiwa kimelala juu yake, akaonyesha jinsi kidole kinavyolivuta pembeni wakati wa kuliachia. "Nguvu si kitu, mwanangu. Utauweka mpira palepale, kisha palepale tena, mpaka yeye ndiye achoke." Kijana alirudia na chungwa lile mpaka likapasuka maganda.

Ndipo akauliza kama kuna watu waliowahi kucheza kriketi mlimani. Wapo. Mwaka 2014 wachezaji, miongoni mwao Makhaya Ntini wa Afrika Kusini na Heather Knight wa Uingereza, walipanda Kilimanjaro wakacheza mechi ndani ya kreta, juu ya mita 5,700, kuchangisha fedha za hisani. Hewa ya huko ni nyepesi, mpira ukipigwa unakwenda mbali zaidi. Asubuhi tukajaribu uani, ukuni ukiwa ndio gongo na ndoo ndiyo wiketi, ile shabaha ya mrushaji, bila makelele. Sisi tulikuwa chini zaidi ya hapo, lakini pumzi ilitosha ova moja tu kila mtu.

Kwa wanyama: nyati tuliwaona wengi, mbega wakiruka na mikia yao meupe, pongo kando ya njia, ndovu wale wa kwenye mianzi. Chui mweusi hatukumwona. Bongo, yule swala mkubwa wa msituni, ndio kabisa, ni adimu mno. Historia nayo imejaa: msitu huu ndio uliowahifadhi wapiganaji wa Mau Mau, na kiongozi wao Dedan Kimathi alikamatwa pembeni mwake karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956. Ukipita kwa ajili ya wanyama peke yake unaukosea heshima.

Ukipanga, chagua Januari na Februari, au kuanzia Julai mpaka Septemba, na uache pengo la kubadilisha siku mvua ikinyesha. Mageti ni saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Na usirudi kwa njia uliyoingilia: kata uwanda wa juu utokee geti la Mutubio upande wa magharibi, ushuke mpaka Ndunyu Njeru, kisha Naivasha. Ile safari ya juu, nyasi pande zote na mimea mikubwa ya lobelia imesimama kwenye ukungu, ndiyo iliyonifanya nitoe nyota ya tano.

Jambo moja lililomsumbua Ami ni mtandao. India na Uingereza walikuwa wakicheza Test, ile mechi ya siku tano, na tangu kwenye mianzi simu ilikuwa kimya. Hakulalamika, lakini kila tulipofika mahali pa juu aliinyanyua. Tuliposhuka kutoka Mutubio, kwenye kona ya kwanza yenye mashamba ya kabichi, ujumbe ukaanza kuingia kwa mfululizo. "Simamisha gari," akasema. Nikaegesha pembeni. Hakutaka matokeo. Alitaka nimsomee tangu pale alipoachia, ova kwa ova, naye akiandika kwenye daftari juu ya goti, na mwenye kabichi akaja kusimama dirishani akidhani gari limetuharibikia.