Begi la suti la kuviringisha: nimeenda nalo Tokyo kikazi, maoni yangu haya hapa

Kwa mnaouliza kuhusu yale mabegi ya suti ya kuviringisha, yaani unalifungua lote linalala bapa kitandani, unapanga koti na suruali, halafu unalizungusha linakuwa begi la duara la kuning'iniza begani, mimi nimesafiri nalo kwenda Japani kukutana na wenzetu wa ofisi ya Tokyo na kiukweli linafanya kazi. Nilinunua Kariakoo, la turubai nyeusi.

Uzuri wake ni kwamba koti halikunjwi popote, linazunguka tu. Suti yangu ya sufu, bluu iliyokolea, imepita Doha mpaka Narita, nilipoitoa hotelini mabega yamesimama, kola imekaa, mkunjo ulikuwa mmoja tu kwenye kiwiko cha kushoto, nikaitundika bafuni nikafungulia maji ya moto, asubuhi haupo. Suruali usihangaike nayo sana, hoteli nyingi za wafanyabiashara kule zina mashine ya kupasi suruali, mara nyingi ipo koridoni, unaichomeka humo unafunga unasubiri kidogo mstari unasimama. Lile tundu la katikati nilijaza viatu, mashati meupe na soksi.

Na soksi jamani chukueni mpya kabisa, maana ukipelekwa chakula cha jioni sehemu yenye mikeka ya tatami viatu vinabaki mlangoni na wote mnaonana miguu, ndo maana napendekeza moka kuliko viatu vya kamba. Kama mguu wako ni mkubwa usitegemee kununua ukifika, viatu kule vinapimwa kwa sentimita na ukizidi 28 maduka ya kawaida yanakuwa na shida kukupatia.

Rangi nayo muhimu. Suti nyeusi na tai nyeusi ni ya msibani, tai nyeupe ni ya harusini, kwa hiyo bluu iliyokolea au kijivu na tai iliyotulia hukosei. Kiangazi ofisi nyingi wanaacha tai na koti, ni kampeni ya serikali ya Cool Biz tangu 2005 ya kupunguza matumizi ya viyoyozi, ila siku ya kwanza ya kutambulishana mimi ningebeba tai hata kama ni Agosti, kuivua ni rahisi mkiona wenyeji hawajavaa.

Sasa kasoro zake. Zipu ya ndani inang'ata kitambaa, inabidi uivute taratibu huku unashikilia bitana kwa mkono wa pili, ukiwa na haraka utachana. Mkanda wa begani ni mwembamba, unaumiza ukitembea stesheni zenye ngazi nyingi. Halafu begi tupu lenyewe zito, kama ndege yako inaruhusu kilo 7 kabini basi pima nyumbani kabla. Na halina mfuko wa nje wa kuweka bizinesi kadi, wakati kule unazitoa kwa mikono miwili mara tu mnapokutana, hizo wekeni kwenye kikasha chake mfuko wa ndani wa koti.

Nyota 4 kati ya 5. Kama suti yako ni ya kitani sikushauri, kitani kitajikunja tu hata humu, ila kwa suti ya sufu chukua, na ukiwa dukani ifungue na kuifunga ile zipu kabla hujalipa.