Ziara ya miguu Philadelphia kwa wanaopenda siasa: nyota 4 kati ya 5

Mimi ni mwalimu wa uraia, na ziara hii niliichagua kwa sababu tangazo lake liliahidi mabishano badala ya mashujaa. Ahadi hiyo imetimizwa, isipokuwa sehemu moja.

Mwongozaji alitusimamisha mbele ya Independence Hall, jengo la kihistoria la mji huu wa Marekani, akaanza na mwaka 1776. Azimio la Uhuru wa Marekani alilipita haraka, akaingia kwenye katiba ya jimbo la Pennsylvania iliyotungwa humo humo mwaka ule: bunge la chumba kimoja, uchaguzi kila mwaka, baraza la utendaji badala ya gavana, na miswada kuchapishwa ili wananchi waisome kabla haijapitishwa. Kisha akaturusha hadi 1787, jengo lile lile, mkutano wa faragha uliotunga katiba ya Marekani nzima, ukazaa Seneti ya kuchaguliwa na mabunge ya majimbo na rais wa kuchaguliwa na wajumbe maalumu wa majimbo. Katiba zote mbili ni demokrasia ya uwakilishi! Ya kwanza inamweka mwananchi mlangoni. Ya pili inamweka mbali kwa makusudi, kwani James Madison, mmoja wa watunzi wake wakuu, alihofia wengi wenye jazba kuwakandamiza wachache. Hapo pekee nauli yangu ilirudi.

Kilichonigusa zaidi ni kisa cha Septemba 1787. Wabunge wa Pennsylvania walioipinga katiba mpya walisusia kikao ili akidi isitimie. Umati ukawafuata wawili walikolala, ukawaburuta hadi bungeni, wakahesabiwa, na mkutano wa kuidhinisha ukaitishwa. Desemba katiba ilipita kwa kura 46 dhidi ya 23. Walioshindwa walichapisha madai yao: uhuru wa dhamiri, uhuru wa magazeti, haki ya kesi kuamuliwa na jopo la raia wa kawaida (jury). Mengi ya hayo yaliingia kwenye marekebisho 10 ya mwaka 1791. Mwongozaji alilisema hili taratibu, kwa heshima, nami namshukuru.

Nyota moja nimeipunguza kwa suala la utumwa. Kanuni ya kuhesabu watumwa kwa sehemu 3 kati ya 5, iliyoyaongezea majimbo ya kusini viti bungeni huku watumwa wenyewe hawana kura, ilipewa sentensi moja tukiwa tunavuka barabara. Katika ziara ya mabishano, hilo lilistahili tusimame tulijadili.

Kuingia ndani ya jengo mara nyingi kunahitaji tiketi nyingine, kwa hiyo ipangieni muda wake.