Uzoefu wangu na wakili wa kesi ya ndoa Temeke: pesa niliyolipa na mambo aliyonikataza

Jamani naandika hii kwa sababu mwaka jana nilitafuta sana mtu wa kunieleza ukweli kuhusu kuchukua wakili wa kesi ya talaka na watoto, sikumpata. Kila niliyemuuliza alinijibu "tafuta wakili mzuri", sasa huyo mzuri yupoje hakuna aliyeniambia. Kesi yangu imeisha mwezi wa tatu, kwahiyo naongea nikiwa huru, ila jina la wakili na la ofisi yake siweki maana sijamuomba ruhusa, na mama watoto wangu naye ni mtu mwenye heshima zake.

Mimi ni fundi umeme wa magari, gereji iko Mbagala, Dar es Salaam. Ndoa ya kanisani, miaka 11, watoto wawili, binti miaka 10 na wa kiume miaka 4. Yaliyotufikisha huko nayaacha, ni ya kwetu.

Kabla sijampata huyu mama wakili nilishaliwa laki tatu. Kuna jamaa nilionyeshwa, anashinda kwenye kibanda cha kutoa fotokopi karibu na mahakama, suti kali, mafaili kwapani, anaongea kama mtu anayejuana na kila karani. Akaniambia ndani ya miezi miwili watoto wote wako kwako. Hilo tu lilinitosha, maana nilikuwa silali. Akaniandikia karatasi mbili nikalipa, kufika masjala zikarudishwa palepale, karani kaniuliza kwa upole kabisa "cheti cha baraza kiko wapi?" Cheti gani? Nikampigia yule jamaa, simu haipatikani mpaka leo.

Kumbe kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huwezi kwenda moja kwa moja kudai talaka mahakamani, lazima kwanza mpite baraza la usuluhishi wa ndoa, wawasikilize, wakishindwa kuwapatanisha ndo wanakupa hicho cheti, yaani Fomu namba 3, uende nayo, na isiwe imezidi miezi 6 tangu itolewe. Kuna mazingira machache sheria inaruhusu kuruka hiyo hatua lakini yangu hayakuwemo. Mtu anayejiita mwanasheria wa ndoa halafu hajui hilo ni sawa na fundi anayefungua injini hajui bolti ya kutolea oili iko wapi. Na kumhakiki ilikuwa kazi ya dakika mbili, mahakama wana mfumo unaitwa e-Wakili, unaingia kwenye simu unaandika jina la mtu unaona kama ni wakili kweli na kama leseni yake iko hai, maana wanahuisha kila mwaka. Mimi nililijua hilo pesa ikiwa imeshakwenda.

Huyu mama nilielekezwa na mteja wangu wa gereji. Ofisi ya kawaida tu, ghorofa ya kwanza, chini duka la vipuri, feni moja. Pesa ya ushauri elfu hamsini, unalipa kabla hujakaa, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, unapewa. Nikamwaga yangu yote, kama dakika arobaini hivi, yeye anaandika kwenye kaunta buku hanikatizi. Nilipomaliza kwa kusema nataka watoto wangu wote wawili, akaweka kalamu chini akaniuliza:

"Huyu mdogo anavaa kiatu namba ngapi?"

Nikanyamaza.

"Akiumwa usiku huwa anaanza na nini, homa au kifua? Mwalimu wake wa chekechea anaitwa nani?"

Nikamtaja mwalimu wa binti, kwa sababu meseji za ada zilikuwa zinakuja kwenye simu yangu. Ya mdogo sikuwa nayo hata moja. Akasema, "Kaka yangu, sikuulizi ili kukuaibisha. Haya atakuuliza afisa ustawi wa jamii, na wakili wa mwenzio atakuuliza mbele ya hakimu. Bora uanze kuyajua leo."

Kwakweli nilitoka pale nina hasira naye. Nilienda kutafuta mtu wa kunipigania nikakuta mtu anayenihoji. Nikakaa siku nne sijamtafuta. Siku ya tano nikampigia mwalimu wa chekechea nikaulizia maendeleo ya mtoto, tukaongea karibu nusu saa, nilipokata simu nikamtumia wakili meseji kwamba narudi.

Sasa hiki ndo nilichomlipia hasa, alinikatalia mambo kabla hajachukua pesa ya kesi. Kuhusu mdogo aliniambia wazi hutompata, sheria inachukulia kwamba mtoto chini ya miaka 7 anafaa kuwa kwa mama yake, unaweza kulipinga hilo ukiwa na sababu nzito, na mimi sababu sikuwa nayo, mama yake hajawahi kuwatelekeza wale watoto hata siku moja. Binti wa miaka 10 hakimu anaweza kumsikiliza mwenyewe anataka nini. Na mahakama hailazimiki kuwaweka watoto wote sehemu moja, kila mmoja anaangaliwa maslahi yake, "lakini wewe mwenyewe unataka watenganishwe?" Sikuwa nimewaza hivyo. Akasema tusidai kitu tunachojua hatupati, tudai ratiba ya kuwa nao, iandikwe kwenye amri ya mahakama, siku na saa, isiwe hisani ya mtu.

Wakati huo nilikuwa na mpango sijamwambia mtu, likizo ya mwezi wa sita niwachukue niwapeleke kwa mama yangu Songea nikawaandikishe shule kulekule, tukienda mahakamani wawe tayari mikononi mwangu. Nikamwambia kama kwa kujisifia. Akavua miwani, "Ukifanya hivyo kesi umeiua mwenyewe, na mimi utafute mtu mwingine." Halafu nilikuwa nimeacha kutuma hela ya matumizi miezi miwili nikiamini namkomesha mwenzangu, akaniambia anza kutuma leo, matunzo ya watoto ni wajibu wa baba wakae kwake wasikae kwake, na kila ukituma tunza ujumbe wa muamala. Ile orodha ya miamala ya M-Pesa alikuja kuiprinti baadaye, kurasa tatu, ikawa sehemu ya vielelezo vyetu. Bila yeye ningeingia mahakamani nikiwa baba aliyekata chakula cha wanae.

Kwenye nyumba nako. Tuna nyumba Chamazi haijaisha, imeezekwa tu, na mimi nilikuwa naimba kwamba kila bati nimenunua mimi. Akanieleza kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani na kulea nazo ni mchango kwenye mali za ndoa. Akaniuliza wakati unanunua hizo bati nani alikuwa anakupikia na nani alikuwa na watoto, na mke wangu alikuwa anakaanga vitumbua kila alfajiri, hela ya vitumbua ndo ilikuwa inalipa maji na daladala ya shule. Hapo sikubishana naye tena.

Malipo. Tulisaini mkataba, milioni moja na laki nane kwa kesi nzima mpaka hukumu, laki nane mwanzo, iliyobaki laki mbili kila mwezi kwa miezi mitano. Rufaa haimo, ikitokea mnaongea upya. Ada za mahakama nilikuwa nalipa mwenyewe kwa namba ya malipo. Alinieleza pia, bila kuulizwa, kwamba ningeweza hata kwenda Mahakama ya Mwanzo mwenyewe bila wakili, na kama sina uwezo kuna LHRC, kile Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wanatoa msaada wa kisheria bure. Wakili anayekuonyesha mlango wa bure wakati wewe umeshashika pochi, mimi huyo namuamini.

Baraza tulikaa mara tatu. Ya kwanza mwenzangu hakuja, ya pili tukarushiana maneno mpaka mzee mmoja wa baraza akaomba tutoke nje tupoe, ya tatu wakaandika wameshindwa. Hapo wakili haingii na wewe, ila alishanielekeza nisiongee ya ndugu wala ya majirani, niongee ya mimi na mke wangu tu. Kesi tukafungua mwezi wa sita pale Kituo Jumuishi Temeke, kile cha mambo ya ndoa na mirathi, na uzuri wake ni kwamba kuanzia Mahakama ya Mwanzo mpaka Mahakama Kuu ziko jengo moja na ustawi wa jamii wako humohumo, huzungushwi mjini. Kesi iliendeshwa kwa Kiswahili, kwahiyo kila kilichosemwa nilikielewa, kwa mtu niliyeishia form four hilo ni kubwa.

Afisa ustawi alikuja mpaka ninapopanga. Chumba na sebule. Akaangalia watoto watalala wapi, choo kikoje, nani atabaki nao nikiwa gereji, na akauliza karibu yale yale ya siku ya kwanza ofisini kwa wakili. Nilimjibu yote. Kiatu namba 27, akiumwa anaanza na kifua. Sikuwa nimekariri kwa ajili yake, kufikia hapo nilikuwa nampeleka mwenyewe chekechea Jumatatu na Alhamisi, tulikubaliana na mama yake kwa meseji, wakili ndo alinishauri niombe hivyo badala ya kusubiri amri.

Hakimu alipotupa nafasi ya usuluhishi tukaelewana mengi kwa siku mbili. Nyumba ya Chamazi anabaki nayo yeye na watoto, mimi nachukua kiwanja cha Kisemvule na vifaa vyote vya gereji, laki moja na nusu kwa mwezi ya matunzo pamoja na ada za shule, watoto kwangu wikiendi moja ndiyo moja siyo na nusu ya kila likizo. Binti aliongea na hakimu faragha, akasema anataka kukaa na mdogo wake. Niliumia, sitaficha, lakini nilimuelewa mwanangu. Watu wengi hawajui hata mkielewana kila kitu talaka haitoki kwa makubaliano tu, mahakama lazima iridhike kwamba ndoa imevunjika kabisa haitengenezeki, kwahiyo bado tulipanda kizimbani kutoa ushahidi. Mama wakili hakumuuliza mwenzangu swali hata moja la kumdhalilisha. Wakati mwingine mimi mwenyewe nilimnong'oneza "muulize lile", akanijibu kwa sauti ya chini, "huyu mtaendelea kulea naye miaka 14 ijayo."

Mabaya yake nayasema pia. Wasapu hajibu, unaweza kutuma Jumatatu ukajibiwa Alhamisi, na kwa mtu mwenye kesi ya watoto siku tatu ni ndefu sana, nilimwambia akaniomba radhi lakini hakubadilika. Tarehe mbili za kutajwa alimtuma wakili mdogo wa ofisini kwake ambaye faili alikuwa analisomea kwenye korido, siku zenyewe iliahirishwa tu kwahiyo madhara hayakuwepo, ila mimi nilimlipa yeye, na ningeambiwa mapema nisingeshtuka. Na kuna elfu arobaini za fotokopi na usafiri zilizokuja katikati hazimo kwenye mkataba. Ukichukua wakili yeyote uliza hivyo vitu viwili kabla hujasaini, nani atasimama na wewe kila tarehe na gharama gani ziko nje. Nampa nne kwa tano, hiyo moja imeliwa na wasapu.

Hukumu ilitoka mwezi wa tatu, kama miezi tisa tangu tufungue. Siku hiyohiyo mama wakili akatuambia wote wawili, mimi na mwenzangu, kwamba asiyeridhika ana siku 45 za kukata rufaa. Hakuna aliyekata. Laki mbili ya mwisho nimemalizia juzi, akanipa risiti na nakala ya hukumu na tuzo, yaani amri rasmi ya mahakama, zenye muhuri, akanikumbusha mahakama ikishavunja ndoa bado talaka inasajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, nisije nikaiacha kwenye droo. Naenda Jumatatu asubuhi, nikishamfikisha mdogo chekechea.