Mvinyo mwekundu wa bei nafuu: Dodoma au Pinotage?

Mteja akisimama mbele ya rafu na kusema "nipe mwekundu mzuri, lakini usiniumize mfuko," mimi huwaza chupa mbili.

Ya kwanza ni mwekundu mkavu wa Dodoma. Zabibu za huko huvunwa mara mbili kwa mwaka, na chupa haijavuka mpaka wowote, kwa hiyo bei huwa ya kirafiki. Una ukakasi kiasi, matunda yanasikika wazi, hauna makuu. Mishikaki na ndizi choma vinautosha. Ila soma lebo kwanza: mwekundu mtamu nao upo, na mteja aliyetaka mkavu atarudi akilalamika kwamba umemuuzia sharubati.

Ya pili ni Pinotage, zabibu ya Afrika Kusini. Mtaalamu wa zabibu Abraham Perold aliipata Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchanganya aina mbili za zabibu, Pinot Noir na Cinsaut. Mvinyo wake ni mzito zaidi, mweusimweusi, mara nyingine una harufu ya moshi, na kwa mbuzi choma sijaona mpinzani wake kwa bei hiyo. Ya bei ya chini kabisa huweza kunuka kama mpira ulioungua. Hapo namshauri mteja aongeze kidogo, au abaki na Dodoma.

Sherehe ya watu thelathini? Dodoma, bila kufikiri mara mbili. Chakula cha wawili? Pinotage. Zote ziingie kwenye friji nusu saa kabla. Joto la Dar huuharibu mwekundu wowote.