Panya mweupe au sungura: umfugie nini mwanao?

Kwa akili, panya mweupe anamshinda sungura. Humjua anayemlisha, hupanda begani, huja akiitwa. Lakini upweke humdhoofisha, kwa hiyo fuga wawili wa jinsia moja. Ukichanganya dume na jike, baada ya siku 21 hadi 23 utakuta vitoto vyekundu, vipofu, pengine kumi na zaidi, ngozi nyembamba hata maziwa yanaonekana tumboni. Wakifika wiki tano tenganisha madume na majike, maana hawakawii kuzaana wenyewe kwa wenyewe. Maranda nayo uyabadilishe mara kwa mara; harufu ya mkojo huwaharibu mapafu.

Sungura ni rahisi zaidi kwetu Pemba. Ukoka umejaa kila kiambo, na jirani hakuulizi kwa nini unalisha panya. Joto la kaskazi ndilo adui yake: ukimwona anahema upesi, mhamishie kivulini, umwekee chupa ya maji baridi ajiegemeze.

Mimi ningeanza na sungura. Panya huishi miaka miwili au mitatu tu, na mtoto aliyemzoea humlilia kwelikweli.