Apu ya nyota kwenye simu: namba zake tamu, picha zake usiziamini

Jina la apu siliweki hapa maana nina manung'uniko nayo na sitaki maneno, we jua tu ni zile za kuinua simu juu ikakwambia ile pale ni nyota gani. Za aina hiyo ziko tele na nyingi ni za bure, mimi hii niliilipia shilingi 300 kwa ajili ya kitu kimoja, ile sehemu ya kulinganisha. Unachagua nyota mbili inakuwekea joto la uso na umbali, pamoja na kipenyo, uzito na mng'ao (mwanga wote inaoutoa, si unavyoonekana kwetu), hivi vitatu vikipimwa kwa Jua letu.

Na sisi wa Mombasa tunafaidi, tuko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta kwa hivyo za kusini tunaziona na za kaskazini karibu zote pia. Msimu wa kaskazi ukipanda darini mwendo wa saa tatu saa nne usiku Jabari (lile kundi la nyota, Orion kwa Kizungu, ndimo walimo Betelgeuse na Rigel) yuko utosini kabisa mpaka shingo inauma, na hata huku Kibokoni na mataa yote haya ya mtaa na ya bandarini bado Betelgeuse, Rigel na Sirius zinaonekana bila shida, na upande wa kusini kuna Canopus, ile wazee wa majahazi wanaiita Suheli.

Sasa weka Sirius na Canopus pamoja. Kwa macho Sirius ndiyo namba moja angani usiku na Canopus inafuata, lakini apu inakwambia Sirius ina kipenyo kama mara 1.7 ya Jua na iko miaka ya nuru 8.6 tu (mwaka wa nuru ni umbali mwanga unaokwenda kwa mwaka mzima), yaani jirani. Canopus iko kama miaka ya nuru 310 na kipenyo chake ni zaidi ya mara 70 ya Jua, mng'ao wake mara elfu kumi na kitu! Ingekuwa karibu kama Sirius sijui nani angelala.

Ila iliyonikalisha mpaka usiku wa manane ni Betelgeuse na Rigel. Mtoto wa kaka yangu yuko fomu tatu, akaniuliza, "Ami, mbona huyu mwekundu ni mkubwa hivi na mng'ao wao karibu sawa?" Mwekundu ni Betelgeuse. Swali zuri wallahi. Betelgeuse uso wake ni kama kelvin 3,600 (kelvin ni kipimo cha joto), Rigel kama 12,000, na kwa kipenyo Rigel ni kama sehemu moja ya kumi ya Betelgeuse, basi eneo la uso wake ni sehemu moja ya mia. Lakini mwanga unaotoka kwenye kila mita ya mraba unapanda kwa joto lililozidishwa lenyewe mara nne, tukapiga kwa kalkuleta, 12,000 gawanya kwa 3,600 ni 3.3 na kitu, izidishe yenyewe mara nne unapata zaidi ya 120. Kwa hivyo Rigel inapoteza mara mia kwa udogo halafu inarudisha mara 120 kwa joto, mle mle. Yule kijana akanyamaza kidogo akasema hiyo fizikia darasani haikumwingia hivi.

Betelgeuse yenyewe ni maajabu, ukiiweka pale Jua lilipo inameza Zebaki, Zuhura, Dunia na Mirihi, na kwa ukubwa wote huo kwa wastani ni nyepesi kuliko hewa tunayovuta, tena mara maelfu. Halafu nenda kwa Sirius B, kale kanyota kanakozunguka na Sirius, uzito kama wa Jua zima umebanwa kwenye ukubwa wa Dunia, ukichota kijiko kimoja cha chai ni tani kadhaa, tuktuk haibebi.

Haya malalamiko sasa. Picha ya ulinganisho inadanganya, Rigel wameichora kama theluthi ya Betelgeuse ili ienee kwenye skrini na hawajaandika popote kwamba vipimo si vya kweli. Pili, umbali wa Betelgeuse wameweka namba moja kavu wakati vipimo vya wataalamu vinatofautiana kwa zaidi ya miaka ya nuru mia, na umbali ukibadilika kipenyo na mng'ao vinabadilika pia, si kitu kidogo. Uzito nao hivyo hivyo, wa Sirius naukubali kwa sababu nyota mbili zinazungukana kila miaka 50 na ukijua mzunguko unapiga hesabu, lakini wa Rigel unatokana na modeli, yaani makadirio ya hesabu tu, sasa desimali mbili za nini? Matangazo hata ukishalipa yapo. Na Kiswahili hakuna, nyumbani kwangu mimi ndiye mkalimani.

Proxima nayo ilinisumbua, imo kwenye orodha ya nyota maarufu halafu ukiitafuta kwa macho hupati ng'o, ni hafifu mno ingawa ndiyo ya karibu kuliko zote baada ya Jua, miaka ya nuru 4.24. Wangeweka alama basi.

Nikiulizwa, kwa mwenye mtoto wa sekondari 300 hiyo haijapotea. Mimi mwaka ujao nalipa tena, ila ile picha nimeizima, nasoma namba tu.